Mimi wa Paulo, Mimi wa Eloi

Kuna neno ambalo watu wa Lubumbashi hupenda kulisema kila wanaposikia habari za fujo za mpira katika nchi za mbali. Husema, "Sisi huku, mpira wetu hauna dini." Maana yao ni kwamba Mkatoliki, Mmetodisti, Mkimbangu na Mwislamu huketi pamoja kwenye ngazi zilezile za kiwanja na kupiga kelele kwa ajili ya Mazembe, na upande wa pili wenzao wa madhehebu yaleyale hupiga kelele kwa ajili ya Lupopo. Neno hilo ni kweli tupu. Nimelisikia kwa walimu, kwa wafanyakazi wa reli, kwa akina mama wauzao mikate kando ya njia, hata kwa mapadri. Wote hulisema kwa furaha kidogo, kama mtu anayeshukuru kwamba ugonjwa wa jirani haujafika nyumbani kwake. Mimi nataka kulipima neno hilo, kwa maana naona latulaza usingizi.

Yafaa kwanza tuujue huo ugonjwa wa jirani.

Katika mji wa Glasgow, nchi ya Scotland, aliishi bruda mmoja wa shirika la Wamaristi, jina lake Andrew Kerins, ambaye katika utawa aliitwa Bruda Walfrid. Watoto wa Waairishi waliohamia mji ule walikuwa na njaa. Mwezi wa Novemba 1887 watu walikutana katika ukumbi wa parokia ya Mtakatifu Maria, wakaanzisha timu ya mpira ili viingilio vya mechi vinunue chakula cha watoto hao. Ndiyo asili ya klabu ya Celtic. Mechi yake ya kwanza, Mei 1888, ilikuwa na Rangers, timu iliyokwisha kuwako tangu 1872. Celtic walishinda kwa mabao 5 kwa 2, na baada ya mechi watu wa pande zote mbili waliketi kula pamoja katika ukumbi uleule wa parokia. Asili njema kuliko hiyo sijui kama ipo katika historia ya mpira: bruda, mkate wa maskini, na washindani wenye kula sahani moja.

Lakini miaka haikuwa mingi, sahani ile ikavunjika. Celtic ikahesabiwa kuwa ya Wakatoliki na ya Waairishi, Rangers ikawa ya Waprotestanti. Kwa miongo mingi Rangers hawakumsajili mchezaji aliyejulikana kuwa Mkatoliki. Na walipomchukua Maurice Johnston, Julai 1989, kuna mashabiki wao waliochoma skafu zao moto kwa hasira. Mwaka 1980, mwisho wa fainali ya Kombe la Scotland, mashabiki wa pande mbili waliingia kiwanjani wakapigana kwa chupa na mawe, hata serikali ikakataza pombe viwanjani. Mwaka 2011 bunge lao lilitunga sheria ya kuadhibu nyimbo za chuki za mpira, na mwaka 2018 bunge lilelile likaifuta. Sheria zaja, sheria zaenda, nyimbo zingali zaimbwa.

Ng'ambo ya bahari kidogo, katika mji wa Belfast, ilikuwako Celtic nyingine. Tarehe 27 Desemba 1948, siku mbili tu baada ya Noeli, Belfast Celtic ilicheza na Linfield, klabu ya Waprotestanti, katika kiwanja cha Linfield. Filimbi ya mwisho ilipopulizwa watu wakamwagika kiwanjani, wakamshika mshambuliaji wa Belfast Celtic, Jimmy Jones, wakampiga hata wakamvunja mguu. Klabu yake ikajitoa katika ligi mwaka uliofuata, wala haikurudi tena. Nawaomba wasomaji washike jambo moja katika habari hiyo, kwa kuwa nitalihitaji huko mbele: Jimmy Jones mwenyewe alikuwa Mprotestanti.

Basi, dini ilitenda nini pale? Waliompiga walikuwa wa dini yake. Laiti wangalimwuliza habari za imani, angaliwajibu kama wao. Hawakuuliza. Waliitazama jezi, wakaona imetosha. Tena miaka kumi na tisa baadaye, Mei 1967, Celtic ya Glasgow iliposhinda Kombe la Ulaya mjini Lisbon kwa kuwafunga Inter ya Milan mabao 2 kwa 1, kocha wao Jock Stein alikuwa Mprotestanti, na katika wachezaji wake walikuwamo wa madhehebu yote mawili. Kiwanjani walichanganyika kama familia moja; nje ya kiwanja watu waliendelea kuchukiana kwa ajili yao. Kwa hiyo mwenye kusema kwamba fujo za Glasgow ni vita vya dini, nusu tu ya neno amelisema. Dini ilitoa majina na bendera. Chuki ilikwisha kujifunza kutembea kwa miguu yake.

Turudi kwetu. Mwaka 1939, mji wetu ukiwa bado waitwa Élisabethville, Wabenediktini waliosimamia Institut Saint-Boniface waliunda timu ya mpira kwa ajili ya vijana wa shule ambao hawakuelekea upadri. Vijana hao walikuwa maskauti, na msimamizi wa maskauti ni Mtakatifu Georges; timu ikapewa jina lake. Mwaka 1944 ikaitwa Saint-Paul. Baadaye wachezaji wasio wa shule wakaanza kuingia, mapadri wakaacha kuiongoza, na timu ikachukua jina la matairi ya Englebert. Kwa jina hilo la tairi ilitwaa Kombe la klabu bingwa za Afrika mwaka 1967 na tena 1968. Ndiyo TP Mazembe ya leo.

Mwaka uleule wa 1939 ikazaliwa Saint-Éloi, ambayo leo ni FC Saint-Éloi Lupopo, timu iitwayo Cheminots, yaani watu wa reli. Eloi alikuwa mfua dhahabu katika nyumba ya wafalme wa Wafranki, karne ya 7, kisha akawa askofu wa Noyon. Naye ni msimamizi wa wahunzi na wafua madini wote. Katika mji wa shaba, wa tanuru na wa karakana za reli, aliyelichagua jina hilo alijua anachofanya.

Georges, Paulo, Eloi: majina yote matatu yametoka katika kalenda moja. Wala tusidhani kwamba siku zile Katanga haikujua ugomvi wa madhehebu. Ulikuwako, tena mkali. Serikali ya Kibelgiji ilitoa fedha za shule kwa misioni za Kikatoliki, na Waprotestanti walingoja mpaka baada ya vita ya pili ya dunia ndipo wakapata fungu lao. Watoto waliambiwa wasipite mbele ya kanisa la wengine. Ugomvi huo ungaliweza kujipatia klabu zake kama ulivyojipatia Glasgow. Haukuzipata, nao ukapoa polepole, hasa baada ya Mtaguso wa pili wa Vatikano wa miaka ya 1962 hadi 1965. Leo kwaya yetu na kwaya ya Wametodisti hualikana, wala hakuna anayeona ajabu. Kilichokua na kunenepa ni ule ushindani mwingine, wa timu mbili zilizopewa majina ya watakatifu wa Kanisa moja. Ndiyo sababu nasema kwamba neno lile, "mpira wetu hauna dini," ni kweli, na tena halijibu kitu.

Na hapa siwezi kuacha kutabasamu kidogo. Katika watakatifu wote wa mbinguni, timu ya vijana wa Saint-Boniface ilipewa jina la nani? La Paulo. Ni yule yule Paulo ambaye aliletewa habari kwamba Wakristo wa Korinto wamegawanyika makundi, huyu akijiita wa Paulo, huyu wa Apolo, huyu wa Kefa. Mtume hakufurahi hata kidogo kwamba naye ana mashabiki. Aliwauliza kama ni yeye aliyesulibiwa kwa ajili yao. Tuangalie vema: Paulo, Apolo na Kefa hawakufundisha imani mbalimbali. Hapakuwa na uzushi kati yao. Wakorinto waligawanyika bila sababu ya mafundisho, kwa kupenda tu kuwa wa mtu fulani na kutokuwa wa mtu mwingine. Tena Korinto ulikuwa mji wa michezo, mbio za Isthmia zikifanyika karibu, na Paulo mwenyewe hakuichukia michezo. Alichukua mifano yake humo, ya wakimbiaji na wapiga ngumi. Alijua tofauti ya kushindana na kufarakana. Walimu wetu seminarini walitufundisha sura ile kama habari ya kale. Mimi naisoma kama barua iliyotumwa Kamalondo na Kenya, kwa wenye viwanja viwili.

Sasa tuyapime maneno ya mashabiki wetu, maana mtu hujulikana kwa maneno yake.

La kwanza ni hili: "Miye nilizaliwa mu Lupopo." Au, "Miye nilizaliwa mu Mazembe." Sikilizeni uzito wake. Mtu hasemi ameichagua timu kwa kuwa yacheza vizuri. Asema amezaliwa humo. Baba alikuwa wa reli, babu alikuwa wa reli, basi na mtoto ni wa bluu na njano kabla hajajua kutembea. Mimi kazi yangu ni kuwaandaa wakatekumeni. Huwachukua miaka kabla ya kuufikia ubatizo; huulizwa, huchunguzwa, hupewa nafasi ya kukataa. Klabu humchukua mtoto mchana mmoja kwa fulana ndogo ya sokoni. Sisemi ni vibaya kurithi furaha ya baba. Nasema kwamba pamoja na furaha, mtoto hurithi pia adui, na huyo adui hajamtendea neno. Anampokea kama alivyopokea jina la ukoo. Ukimwuliza kwa nini hawapendi wale, atakutazama kana kwamba umemwuliza kwa nini maji ni maji.

La pili ni jina lenyewe. Tout Puissant. Tumelizoea mno katika herufi mbili, TP, hata hatulisikii tena. Lakini tukilitia katika Kiswahili cha Nasadiki, ni Mwenyezi. Asubuhi ya dominika Mkristo asimama kanisani akiungama Baba Mwenyezi kwa Kifaransa, na jioni asimama kiwanjani akilitaja neno lilelile kwa ajili ya watu kumi na mmoja wenye viatu vya misumari. Kuna wahubiri waliolipigia kelele jambo hili wakisema ni kufuru. Mimi sisemi hivyo. Jina lilikuja katika miaka ya 1960, wakati Englebert ilipokuwa ikishinda kila aliyesimama mbele yake, nalo lilikuwa majigambo ya ujana, kama vile jogoo ajiitavyo mfalme wa uani. Mungu hakasiriki kwa majigambo ya jogoo.

Tabu yaja timu inapofungwa. Ikiwa sisi ni timu kama timu nyingine, tukifungwa tumefungwa. Wenzetu wamecheza vema, twende nyumbani tukale bukari. Lakini ikiwa sisi ni wenyezi, kushindwa kwetu hakuwezekani. Hapana budi mtu ametuuza. Refa amekula rushwa. Kipa ametiwa dawa. Mchezaji aliyezaliwa mtaa wa wapinzani amefanya makusudi. Ndipo mtu aanza kutafuta mkosaji, na mwenye kutafuta mkosaji katika mji wa watu wengi hakosi kumpata. Wala sisemi haya juu ya Mazembe peke yao. Upande wa Lupopo hauna jina la wenyezi, lakini mafundisho yake ni hayo hayo: kwamba haki, sisi hatufungwi.

Wasomaji watakumbuka tarehe 18 Desemba 2010. Mazembe ilikuwa Abu Dhabi, klabu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la klabu. Ilikuwa imewatoa Pachuca wa Mexico na Internacional wa Brazil. Hata watu wa Lupopo, wengi wao, walikaa mbele ya televisheni wakiwaombea. Inter ya Milan ikashinda 3 kwa 0. Refa alikuwa Mjapani, Yuichi Nishimura. Na mjini Lubumbashi vijana wakatoka, wakayavamia maduka ya Wachina. Mjapani alipuliza filimbi Uarabuni, na Mchina akavunjiwa duka katika Katanga kwa kuwa macho yake, kwa mtu mwenye hasira, yalifanana na ya refa. Hao Wachina hawakuwa Lupopo. Hawakuwa wa dini nyingine iliyotukosea. Wengine hata mpira walikuwa hawautazami. Hapa naomba tumrudie Jimmy Jones na mguu wake. Umati wa Belfast ulitazama jezi, umati wetu ulitazama sura. Katika pande zote mbili hakuna aliyeuliza neno. Yeyote anayesema "huku kwetu hakuna ugonjwa huo" anieleze mchana ule.

Kuna wanaojibu kwamba huo ni wendawazimu wa siku moja, na kwamba kati ya Mazembe na Lupopo ni mizaha mitupu. Mizaha naijua, naipenda. Sisi ni watu wa utani. Katika Katanga kabila na kabila zina utani wake. Mtani aweza kukuchekea hata msibani, nawe huwezi kukasirika, maana kicheko chake ni dawa. Utani wa derby ni mtoto wa utani huo. Lupopo wakifungwa, jirani hukutumia salamu za rambirambi asubuhi na mapema. Mazembe wakifungwa, watu huuliza bei ya kunguru sokoni, kwa kuwa timu hujiita Corbeaux. Kijana wa mtaa wetu alipita na jeneza dogo la maboksi lenye rangi za wapinzani, na nyuma yake watoto wakilia machozi ya uongo. Nilicheka hadi mbavu zikauma. Na kipa Robert Kidiaba, alipokuwa akisherehekea bao kwa kurukaruka ameketi chini kama chura, aliyafurahisha hata mataifa yasiyojua Katanga iko wapi. Mtu atakayekuja kutuambia kwamba Mkristo mwema hachekei timu ya jirani, huyo hajaishi nasi.

Lakini utani una sheria, na sheria yake ya kwanza ni kwamba watani huzikana. Ndiyo kipimo changu, wala sijapata kingine kilicho bora. Mtani wako akifa, wewe ndiwe wa kwanza kufika, wewe ndiwe wa kuchimba. Basi ulizeni katika jumuiya zenu ndogo: je, watu wa njano na watu wa weusi-na-weupe wangali wazikana? Mara nyingi, Mungu ashukuriwe, ndiyo. Lakini najua ndoa iliyocheleweshwa mwaka mzima kwa sababu baba mkwe alisema hatapokea mahari kutoka nyumba yenye bendera ile. Watu walicheka wakidhani ni mzaha. Mzee hakuwa akicheka. Najua kwaya ambamo sauti ya tatu na sauti ya nne hazikusalimiana majuma mawili baada ya penalti. Katika Misa padri aliposema tupeane amani, mikono ilinyoshwa kushoto na kulia, ikaruka kiti kimoja. Hapo utani umekwisha. Kilichobaki kina jina lingine, na jina hilo Paulo aliwaandikia Wakorinto.

Kwa nini nalipa jambo la penalti uzito mkubwa hivi? Kwa sababu mji huu umekwisha kuona jinsi njia ilivyo fupi. Mwaka 1992 na 1993 ndugu zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga, na wengi wao walikuwa wamezaliwa hapa, wengi watoto wa watu wa reli na wa migodi. Walilala majuma mengi katika stesheni za Likasi na Kolwezi wakingoja gari la moshi, na wengine walifia hapohapo. Waliofukuza na waliofukuzwa walibatizwa kwa maji mamoja, walipokea komunyo mkononi mwa padri mmoja. Haikuwa habari ya mpira, wala sisemi kwamba mpira uliileta. Nasema kwamba siku ile watu walifanya kwa hasira jambo ambalo walikuwa wamelizoea kwa mzaha: kumtazama jirani, na badala ya jina lake kuona upande wake. Mazoezi ya namna hiyo hayafai kufanywa kila dominika.

Tena mpira wetu umekuwa na mabwana wakubwa. Pande zote mbili zimewahi kuongozwa na mtu aliye pia gavana, na kwa hiyo bao likifungwa si bao tu. Wengine hulihesabu kama kura. Sitalisema zaidi, si kazi ya jarida hili. Ila mashabiki wajue kwamba hasira yao ni mali, na wako wanaoitafuta kama shaba.

Nije sasa kwa watu wa Kanisa, maana nisipowagusa hao nitakuwa nimepiga ngoma ya mlango wa jirani.

Mapadri wa zamani walitupa mpira kwa nia njema. Waliona vijana wa mji hawana la kufanya jioni, wakaogopa pombe na ngoma, wakaleta kiwanja. Pale Léopoldville Padri Raphaël de la Kéthulle alijenga kiwanja ambacho leo chaitwa kwa jina lake, Tata Raphaël. Katika kiwanja hicho, tarehe 11 Mei 2014, Vita Club ikicheza na Mazembe yetu, fujo ilizuka, watu wakakanyagana, na zaidi ya kumi wakafa. Padri hakujenga kwa ajili hiyo, kama vile Bruda Walfrid hakuanzisha Celtic kwa ajili ya chupa na mawe. Ila wote walidhani kwamba ukishampa kijana mpira na jina la mtakatifu, kazi imekwisha. Mpira ulibaki, watu wa Kanisa wakaondoka. Kilichokosekana ni mtu wa kukaa katikati ya mashabiki siku baada ya siku. Hilo ndilo kosa ninaloliona mimi katika habari yote.

Na leo je? Leo tumerudi kiwanjani kwa mlango usiofaa. Nimeona padri akipanda mimbari na skafu juu ya stola, watu wakipiga vigelegele, nusu ya kanisa. Nusu nyingine walitazama chini. Sidhani alikuwa na nia mbaya; alitaka kuwa karibu na vijana. Lakini padri akiwa mtu wa nusu ya kanisa, nusu nyingine itaungama kwa nani? Avae skafu nyumbani kwake, avae hata kofia na viatu vya rangi hiyo, ashangilie hadi sauti ikauke. Altareni hana timu.

Habari ya nia za Misa ni ngumu zaidi. Juma la derby hakosi mtu anayefika ofisini kwa katekista na sadaka yake, aombewe ushindi. Katekista mmoja huandika bila kuuliza, mwingine hufukuza watu kwa maneno makali. Naona wote wawili hawakufikiri. Mtu kuomba ashinde si dhambi; mwanafunzi huomba ashinde mtihani, mfanyabiashara huomba ashinde mwaka. Lakini mwanafunzi haombi mwenzake aanguke, na humo ndimo penye mpaka. Siku moja mama mmoja mzee, mwenye wana wawili, mmoja wa huku na mmoja wa kule, aliniambia, "Mwalimu, andika tu kwamba wote wawili warudi nyumbani na miguu yao." Nikaandika hivyohivyo. Padri aliisoma nia ile kama ilivyo, na watu wakacheka kidogo, kisha wakanyamaza. Sijasikia nia ya derby iliyo bora kuliko ile.

Wahubiri wa makanisa mapya, wale wanaotabiri matokeo kabla ya mechi na kufukuza pepo kwenye lango la magoli, siwasemi kwa urefu. Akitabiri vema hupata wafuasi wa upande mmoja, akitabiri vibaya husema imani ilipungua. Hiyo biashara ni ya kale kuliko mpira, tofauti yake na mganga wa porini ni suruali tu. Lakini Wakatoliki tusiwacheke kwa sauti kubwa. Wako kwetu wanaochovya skafu katika maji ya baraka na kuificha chini ya shati. Wakiulizwa, hujibu kwamba si dawa, ni maji ya kanisa. Maji ya kanisa yaliyotumwa kumvunja mwenzako mguu, yana tofauti gani na dawa?

Jambo moja bado lanishangaza. Lupopo wangali wanabeba jina la mtakatifu wao, limeandikwa wazi, Saint-Éloi. Wenzao wa Mazembe wameacha la Georges na la Paulo, lakini wazee wao wayakumbuka na kuyataja kwa fahari. Kwa hiyo nilitazama. Sikukuu ya Mtakatifu Eloi ni tarehe 1 Desemba, na ya Mtakatifu Georges ni tarehe 23 Aprili. Miaka hii yote ambayo nafungua mlango wa kanisa kwa Misa ya saa kumi na mbili asubuhi, siku hizo mbili huja watu walewale wa kila siku: masista watatu, mzee wa Lejio ya Maria, na mama mwuza mkaa. Skafu sijaiona hata moja.